Kuki za Intaneti: Umekubali Nini Unapobonyeza "Kubali"?



Zamani kazi ya kikundi ilikuwa ndani ya daftari. Mweka hazina alikuwa na kitabu chake, katibu alikuwa na chake, na sanduku la pesa lilikuwa na kufuli. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo imehamia kwenye simu na kompyuta. Kikundi kina barua pepe. Fomu nyingine za serikali zinajazwa kwa intaneti. Bei za soko, dawa za kuku na habari za mbegu zinatafutwa huko huko. Vikundi vingine vina simu moja ya kupangusa ambayo inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Vingine havina, basi katibu anapanda matatu kwenda saiba ya sokoni.

Karibu kila tovuti unayofungua siku hizi inaleta kijisanduku kinachosema kwamba tovuti hiyo inatumia kuki, na chini yake kuna kitufe cha kukubali. Mazungumzo huwa namna hii:

"Sasa hii inataka nini tena?" anauliza mama aliyeshika simu.

"Bonyeza tu 'Kubali', mama. Usipobonyeza hatutaona bei."

"Haya, nimebonyeza. Lakini nimekubali nini, mwanangu?"

Katibu ananyamaza, kwa sababu hata yeye hajui.

Swali la huyo mama ni zuri na linastahili jibu. Katika makala haya tutaeleza kuki ni nini, zilitoka wapi, zinasaidia nini na zinadhuru wapi. Lakini kuna jambo moja ambalo tungependa kila mwanachama alishike, hata akisahau mengine yote. Kuki haijui uso wako. Inakumbuka simu au kompyuta iliyotumika. Kwa hivyo yeyote anayeshika chombo hicho baadaye, tovuti inaweza kudhani kwamba ni wewe. Mahali ambapo watu kumi wanatumia simu moja, jambo hili si dogo.

KUKI SI NINI

Tuanze kwa kuondoa hofu. Kuki si virusi. Si programu inayojiendesha yenyewe, na haiwezi kufungua picha zako wala kusoma ujumbe wako. Ni maandishi mafupi tu ambayo tovuti inaomba yawekwe ndani ya simu au kompyuta yako. Kwa kawaida hayazidi herufi elfu nne hivi, na mara nyingi huwa ni nambari tu isiyosomeka na binadamu, kwa mfano 7Q4X19. Simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili huziita "vidakuzi". Ni kitu kile kile.

SEVA ISIYOKUMBUKA

Ili kuelewa kwa nini kuki zilibuniwa, ni lazima kwanza tujue vile intaneti inazungumza.

Ndani ya simu yako kuna programu inayokuletea kurasa za intaneti. Hiyo inaitwa kivinjari. Chrome, Firefox, Safari na Opera zote ni vivinjari. Ukitaka ukurasa, kivinjari kinauomba kutoka kwa kompyuta iliyo mbali, nayo inaitwa seva. Seva inajibu kwa kuleta ukurasa. Baada ya kujibu, inasahau. Ukiomba ukurasa wa pili nusu dakika baadaye, seva inakuona kama mgeni ambaye hajawahi kupiga hodi.

Kama unasoma habari tu, usahaulifu huo hauna shida. Shida inakuja ukitaka kununua. Unaweka jembe katika kapu la duka la intaneti, unaenda ukurasa mwingine kuchagua mbegu, unarudi na kukuta kapu ni tupu! Duka limeshakusahau.

Mwaka 1994, huko Marekani, kampuni ya Netscape ilikuwa inatengeneza kivinjari kilichokuja kupendwa sana miaka hiyo. Mteja wao mmoja alitaka kujenga duka la intaneti, lakini hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za kapu la kila mtu ambaye hajamaliza kununua. Mhandisi wa Netscape aitwaye Lou Montulli akapata njia. Badala ya seva kuhangaika kukumbuka, kivinjari cha mteja kipewe kipande kidogo cha maandishi kikitunze, na kila kikirudi kwenye duka kikionyeshe. Watengenezaji wa programu za kompyuta tayari walikuwa na jina la utani la vipande vidogo kama hivyo vinavyopitishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Walikuwa wakiviita kuki. Jina likabaki.

MFANO WA KADI YA ZAHANATI

Tuchukue mfano tunaoujua. Unaenda zahanati mara ya kwanza. Karani anafungua faili lako na kukupa kadi ndogo yenye nambari. Faili linabaki kwenye kabati la zahanati, kadi unaenda nayo nyumbani. Ukirudi mwezi ujao unamkuta karani mwingine ambaye hakujui kabisa. Hapana taabu. Unatoa kadi, anaangalia nambari, analeta faili, na habari zako zote ziko pale.

Kuki ni ile kadi. Inafanya kazi hivi:

1. Kivinjari chako kinafungua tovuti kwa mara ya kwanza.

2. Seva inaleta ukurasa, na pamoja nao inaleta agizo: "Tunza nambari hii, 7Q4X19."

3. Kivinjari kinaiandika nambari hiyo pamoja na jina la tovuti iliyoitoa.

4. Kila unaporudi kwenye tovuti hiyo, kivinjari kinaitoa kuki bila kukuuliza. Seva inasoma nambari na kuangalia faili lake.

Angalieni mambo matatu hapa. La kwanza, kivinjari kinarudisha kuki kwa tovuti iliyoitoa tu. Kuki ya benki haionyeshwi kwa gazeti. La pili, kuki zina umri. Nyingine zinakufa unapofunga kivinjari. Nyingine zina tarehe ya mwisho, na zinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka. La tatu, na hili watu wengi hulisahau, kadi na faili ni vitu viwili. Ukichoma kadi, faili bado liko kabatini. Ukifuta kuki katika simu yako, tovuti haitakutambua kwa kadi ile, lakini yale iliyokwisha kuandika kwenye seva yake hayajafutika.

FAIDA ZAKE

Tusizilaani kuki zote. Bila kuki ungeandika neno lako la siri upya kila ukifungua ukurasa mwingine wa benki au wa barua pepe. Ukichagua lugha ya Kiswahili, tovuti ingesahau na kukurudishia Kiingereza. Fomu ndefu ya kurasa tano ingekuwa mateso. Kuki za namna hii huitwa kuki za lazima, kwa maana tovuti haiwezi kukuhudumia bila hizo.

Madhara ya kuki yanakuja kwa njia mbili. Ya kwanza iko karibu nasi, ndani ya kikundi na saiba. Ya pili iko mbali, katika makampuni ya matangazo.

HATARI YA KWANZA: MWENYE KADI NDIYE MGONJWA

Ukiingia katika akaunti kwa jina na neno la siri, seva inakupa kuki ya kukutambulisha. Kuanzia hapo haikuulizi neno la siri tena. Inaangalia kuki tu. Ni sawa na karani anayeangalia kadi bila kuinua macho kutazama uso. Mtu mwingine akija na kadi hiyo, analetewa faili lako.

Tufikirie mifano miwili.

Katibu ameenda saiba kutuma barua ya kikundi kwa wafadhili. Anamaliza, anafunga dirisha la kivinjari, analipa na kwenda zake. Hakubonyeza "Ondoka". Kuki imebaki ndani ya kompyuta ya saiba. Kijana anayefuata anafungua barua pepe ili aingie kwenye yake, na kumbe ya kikundi iko wazi mbele yake. Hakuvunja kufuli yoyote. Alikuta mlango umeegeshwa tu. Anaweza kusoma barua za wafadhili, na akitaka anaweza kuwaandikia kwa jina la kikundi na kuwapa nambari nyingine ya kutumia pesa.

Mfano wa pili ni uchaguzi wa viongozi. Mweka hazina wa zamani anatoka, mpya anaingia. Mbele ya mkutano mkuu anakabidhi vitabu, muhuri, risiti na funguo za sanduku. Watu wanapiga makofi. Lakini katika simu yake mwenyewe bado kuna kuki ya barua pepe ya kikundi. Huenda ni mtu mwaminifu sana na hana nia mbaya. Lakini simu yaweza kuibiwa, au mtoto akaichezea, au akaiuza kwa fundi. Makabidhiano hayajakamilika mpaka kadi hiyo nayo irudishwe.

Kuna wakati hatari hii ilionekana na dunia nzima. Mwezi wa Oktoba 2010, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aitwaye Eric Butler alitoa programu ndogo kwa jina Firesheep. Mtu aliyekuwa nayo, akikaa mahali penye waifai ya wazi, kwa mfano mkahawani, aliweza kunasa kuki za watu wengine waliokuwa hapo na kuingia katika akaunti zao za Facebook au Twitter kwa kubonyeza mara moja tu. Aliitoa ili kuonyesha ubovu uliokuwa ukijulikana na wataalamu lakini haurekebishwi. Tovuti nyingi wakati huo zilikuwa zinaficha neno la siri peke yake. Baada ya kuingia, kuki ilikuwa inapita hewani wazi, kama barua bila bahasha.

Kelele zilizofuata zilisaidia. Mwaka 2011 Facebook ilianza kuwapa watu nafasi ya kuchagua mawasiliano yao yote yafichwe, na kufikia 2013 ikawa ni kawaida kwa wote. Leo tovuti nyingi zinafanya hivyo, na anwani zao zinaanza na herufi https. Ukiona kivinjari kinakuonya kwamba tovuti si salama, usiandike neno la siri hapo.

Basi njia ya hewani imezibwa kwa sehemu kubwa. Njia ya kompyuta ya saiba na simu ya kuzunguka haijazibwa. Hiyo ni juu yetu wenyewe.

HATARI YA PILI: KARANI MMOJA KATIKA MILANGO YOTE

Tulisema kuki inarudi kwa tovuti iliyoitoa peke yake. Montulli na wenzake walikusudia hivyo, ili mtu asifuatwe kutoka tovuti moja hadi nyingine. Lakini haikuchukua muda mrefu kabla ya wenye matangazo kuona pengo.

Ukurasa mmoja wa intaneti haupikwi katika chungu kimoja. Maandishi yanatoka kwa seva ya gazeti, lakini tangazo lililo pembeni linatoka kwa seva ya kampuni ya matangazo. Wewe umefungua gazeti, lakini kivinjari chako kimezungumza na wote wawili. Na kila mmoja ana ruhusa ya kukupa kadi yake. Kadi ya yule wa pembeni, ambaye hukumwendea wala hukumjua, ndiyo huitwa kuki ya wahusika wengine.

Sasa rudini kwenye mfano wa zahanati. Tuseme kuna karani mmoja ambaye amepewa kiti kidogo mlangoni mwa zahanati, mlangoni mwa duka la dawa za mifugo, mlangoni mwa ofisi ya mikopo na mlangoni mwa shule. Hauzi kitu. Kazi yake ni kuangalia kadi yake uliyobeba na kuandika: "7Q4X19 amepita hapa saa nne." Mlango mmoja hauna maana kubwa. Lakini ukikusanya milango yote kwa mwaka mzima, karani huyo anajua ugonjwa wako, shida zako za pesa, umri wa watoto wako na kile unachotamani kununua. Pengine hajui unaitwa nani. Anajua mambo ambayo hata jirani yako hajui.

Mara nyingine hata tangazo halipo. Kuna picha moja ndogo mno, kama nukta, yenye rangi ya ukurasa wenyewe. Huwezi kuiona. Lakini ili kuileta, kivinjari kinabisha hodi kwa seva ya karani, na hodi hiyo inatosha.

Biashara hii ilikua haraka. Kampuni ya Marekani ya DoubleClick ilikuwa kati ya makarani wakubwa wa kwanza, na mwaka 2008 Google ilimaliza kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Hiyo inawaonyesha thamani ya zile kumbukumbu na matangazo yanayouzwa kwa kuzitumia. Mtu husema, "Mimi ni mkulima mdogo, nani ana haja na mimi?" Hakuna anayekuhitaji wewe peke yako. Lakini mamilioni ya watu wadogo wakiwekwa pamoja ni soko kubwa.

Na kwa simu inayotumiwa na wengi kuna aibu nyingine iliyo karibu zaidi. Tuseme mwanachama mmoja, akiwa na simu ya kikundi usiku, alisoma kuhusu ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Wiki moja baadaye mwenyekiti anafungua simu hiyo hiyo mbele ya watu aangalie bei ya mahindi, na pembeni yanakuja matangazo ya dawa za ugonjwa ule. Hakuna aliyetoa siri. Karani alidhani anaongea na mtu yule yule, kwa sababu anakumbuka simu, hakumbuki mtu.

SHERIA ZINASEMA NINI

Mwanzoni watu hawakuambiwa kitu. Vivinjari vilikuwa vinapokea kuki kimya kimya. Wananchi wengi walianza kusikia habari hizi baada ya gazeti la Financial Times la Uingereza kuziandika mwezi wa Februari 1996. Mwaka uliofuata, wataalamu wanaoandika kanuni za intaneti walitoa waraka uliotaka vivinjari visipokee kuki za wahusika wengine mpaka mwenyewe aruhusu. Netscape na Microsoft, waliokuwa wenye vivinjari vikubwa wakati huo, hawakuufuata.

Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni kuhusu kuki mwaka 2002, na mwaka 2009 ukazikaza: mtu aombwe ruhusa kwanza, isipokuwa kwa kuki za lazima. Mwaka 2018 ikaanza kutumika sheria kali zaidi ya kulinda habari za watu. Vile vijisanduku vya "Kubali" mnavyoviona vijijini hapa Kenya vilizaliwa kwa sehemu kubwa na sheria hizo za Ulaya. Tovuti zinazohudumia dunia nzima huviweka kwa wote.

Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama tangu mwanzo hakihesabiki kuwa ni ruhusa. Mtu ni lazima akubali kwa kitendo chake mwenyewe. Na Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayolinda habari za watu ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa lilikuwa nini? Kukubali kuki kulihitaji kubonyeza mara moja, lakini kukataa kulikuwa safari ya kubonyeza mara kadhaa. Kama nanyi mmewahi kutafuta "Kataa" mkaikosa, jueni haikuwa ujinga wenu. Ilifichwa.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010 katika Kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data. Sheria hiyo inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, kupinga zisitumiwe, kusahihisha yaliyokosewa na kutaka yale ya uongo yafutwe. Inasema pia kwamba mtu aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa wakati wowote. Kuna Ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Kwa hivyo si ulaya peke yake wenye haki.

VIVINJARI VYENYEWE

Safari, kivinjari cha simu za Apple, kilizuia kuki za wahusika wengine kabisa mwaka 2020. Firefox kilianza mwaka 2019 kuzuia kuki za wafuatiliaji wanaojulikana, bila mtumiaji kufanya lolote. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba Chrome nayo itaachana nazo katika miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena. Mwaka 2024 ikasema haitaziondoa, na mwaka 2025 ikathibitisha kwamba zinabaki, mtumiaji aamue mwenyewe.

Maana yake ni hii: kama simu ya kikundi ni Android na mnatumia Chrome, hakuna atakayewafungia huo mlango. Mtaufunga ninyi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ondoka kwenye akaunti kila unapomaliza. Kufunga dirisha au kuzima kioo hakutoshi. Tafuta neno "Ondoka" na ulibonyeze.

2. Ukiwa saiba, tumia hali fiche. Katika Chrome, bonyeza nukta tatu za pembeni na uchague kufungua kichupo cha hali fiche. Ukimaliza na kufunga madirisha yake yote, kuki zake zinafutika. Lakini msidanganyike: hali fiche haimzuii mwenye kompyuta aliyeweka programu ya kupeleleza, wala haikufichi kwa tovuti unayoingia.

3. Kivinjari cha saiba kikikuuliza kama kihifadhi neno lako la siri, kikatalie.

4. Zuieni kuki za wahusika wengine. Katika Chrome ya simu, fungua Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha sehemu ya vidakuzi. Maneno hutofautiana kidogo kwa kila simu, lakini hapo utaona nafasi ya kuvizuia vya wahusika wengine. Acheni zile za tovuti yenyewe zifanye kazi.

5. Kijisanduku kikitokea, msikimbilie kitufe chenye rangi kali. Tafuteni "Kataa" au kitufe cha mipangilio, mkaruhusu kuki za lazima tu. Mara nyingi ukurasa utafunguka vizuri.

6. Mara moja kwa mwezi, pengine siku ya mkutano, futeni kuki zote katika simu ya kikundi. Ziko katika Mipangilio, mahali pa kufuta data ya kuvinjari. Kabla ya kufuta hakikisheni neno la siri linajulikana na wanaohusika, kwa sababu kivinjari kitawatoa katika akaunti nyingi.

7. Baada ya uchaguzi wa viongozi, badilisheni neno la siri siku hiyo hiyo. Barua pepe nyingi zina mahali panapoonyesha vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti. Fungueni hapo mkiwa pamoja, mwone simu zilizopo, na mziondoe zile za viongozi waliotoka. Jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama vile mnavyoandika makabidhiano ya muhuri.

8. Simu ikiuzwa au kupewa mtu mwingine, ifutwe yote kwanza irudi kama ilivyotoka dukani.

9. Mambo ya siri ya mtu binafsi, kama vile ugonjwa au shida za nyumbani, yasitafutwe kwa simu ya kikundi. Kama hakuna njia nyingine, tumieni hali fiche.

MSIKIE PIA HILI

Kufuta kuki si dawa ya kila kitu. Ukiingia kwa jina lako au kwa nambari yako ya simu, tovuti inakujua hata bila kuki. Makampuni mengine yanatambua simu kwa kuangalia aina yake, ukubwa wa kioo, lugha iliyowekwa na mambo kama hayo, na alama hizo huwezi kuzifuta. Programu unazopakua, hasa zile za mikopo ya haraka, hazihitaji kuki. Nyingine zimekuwa zikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu katika simu yako, na hilo ni jambo kubwa kuliko kuki. Lisomeni vizuri kabla ya kuruhusu.

Hata hivyo, mtu hawezi kuacha mlango wazi kwa sababu dirisha moja halina kioo. Anafunga anachoweza kufunga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni akaunti gani za kikundi zilizo katika intaneti? Nani anajua maneno ya siri?

2. Simu na kompyuta zipi zimewahi kutumika kuingia katika akaunti hizo? Ziko wapi leo?

3. Mara ya mwisho tulipobadilisha viongozi, tulikabidhi nini, na tulisahau nini?

4. Mwanachama mwenye jambo la siri la kutafuta katika intaneti anaweza kulitafuta wapi bila aibu?

5. Nani atakuwa na kazi ya kufuta kuki kila mwezi, na nani atamkumbusha?

Swali la pili ndilo hutoa majibu ya kushangaza. Jaribuni kulijibu kwa kuandika orodha, mwanachama mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuagana siku ya mkutano. Na yule mama akiuliza tena amekubali nini, katibu atakuwa na la kumwambia: "Umekubali simu hii ipewe kadi, mama. Ngoja tuangalie kwanza ni kadi ya nani."